Jiko Nje, Mtoto Kifuani

Nyumba za Walimu,
Makete.
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe hujambo na kazi ya kushona mito inaendelea vizuri. Barua hii nampa kondakta wa basi kwa sababu huku mtandao unapatikana mlimani tu, nyuma ya shule, na kwa tumbo hili la miezi saba mlima siupandi tena. Mwanao Fredrick amepeleka mbao Sumbawanga. Alisema atakupigia akiwa njiani.

Uliuliza kuhusu nyumba tuliyopewa na shule. Ni nzuri. Ina vyumba viwili, bati zima na ua wa kuanikia nguo. Jiko ni kibanda cha nje. Baridi ipo, ila naizoea. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa unga, halafu jua likitoka zinarudi kijani. Wanafunzi wananicheka nikiingia darasani nimevaa kanga juu ya koti. Mie mtoto wa Temeke niliyekuwaga silali bila feni, wana haki ya kunicheka.

Kuhusu kuja kujifungulia kwako Chamazi, nimekusikia. Likizo yangu ya uzazi ikianza Julai nitapanda basi. Mtoto tunamtegemea Agosti, kwa hiyo muda upo. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Mkweo,
Jesca


Chamazi,
11 Juni 2024

Jesca mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, imekunjwa vizuri na imejaa uongo.

Fredrick ameniambia ukweli. Kati ya ukuta na bati kuna uwazi anaopita paka. Mbao za madirisha zimepinda, upepo unazima mshumaa mezani, na maji ya ndoo yanaganda juu. Unalala na koti, soksi na viatu. Nilimuuliza, "Sasa mbona mwenzio anasema nyumba nzuri?" Akacheka tu. Ningekuwa karibu asingecheka.

Mie nimezaliwa Umatengoni, baridi naijua. Si kama hawa majirani zangu wa Chamazi, mvua ikinyesha tu wanatafuta masweta. Nyumbani kwa mama yangu, Juni mpaka Agosti moto ulikuwa hauzimwi ndani. Tumezaliwa wengi mle, na sote tumekua.

Kwa hiyo fanya hivi. Ziba matundu yote. Chukua magazeti, yaloweke kwenye uji mzito wa unga wa ngano, usindilie kwenye nyufa za madirisha. Kule juu ya ukuta sindilia udongo uliochanganywa na majani makavu. Mlangoni, chini, weka mfuko mrefu uliojaa pumba za mbao, Fredrick anazo. Ukishamaliza, washa jiko la mkaa, liingize chumbani, funga mlango. Utaona chumba kitakavyokuwa kama Dar.

Nimekutumia mfarishi wa sufi. Hawa vijana wanauita duveti, lakini ni shuka mbili zilizoshonwa pamoja, katikati sufi. Niliifuata Kigamboni kwa mzee mwenye miti yake, tukaichambua mbegu mimi na Hija. Hija unamjua, yule rafiki yangu wa Chanika anayekuja kunisaidia kushona. Tulipiga chafya mpaka majirani wakadhani tuna mafua. Mito ya wateja imesubiri.

Nilimwambia Fredrick zamani kwamba angeoa msichana wa kwetu, aliyezoea baridi. Nasema tu. Umeshakuwa wetu, basi jifunze.

Mama yako,
Bernadeta


Makete,
28 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Mfarishi umefika na ni mwepesi kuliko nilivyotegemea, lakini ukiuvuta juu yako unasahau kama nje kuna upepo. Asante sana, na umpe Hija asante yake.

Magazeti nimebandika na udongo nimesindilia. Mwalimu Audax, jirani yetu wa kutoka Bukoba, alipanda ngazi kuziba kule juu kwa sababu mimi nisingeweza. Mfuko wa pumba upo mlangoni. Mshumaa sasa unasimama wima.

Naomba kitu kingine kama hutachoka. Ukipata mabaki ya kitambaa laini, nishonee kofia za mtoto. Ziwe ndogo. Ndogo kuliko unavyofikiri. Na soksi hivyohivyo.

Siandiki mengi leo, mikono imechoka.

Jesca


Chamazi,
5 Julai 2024

Jesca,

Nilishona kofia nikijiambia, huyu mkwe wangu hajawahi kuona kichwa cha mtoto. Nikashona za kawaida. Jana Fredrick amenipigia, sauti yake nikaijua kabla hajasema. Mama, anasema, mtoto ameshazaliwa. Lini? Anasema, kabla Juni haijaisha. Wa kike. Amekuja kabla ya wakati na ni mdogo, tumemwita Anna.

Kwa hiyo ulipoandika barua ile ulikuwa na mjukuu wangu mapajani, ukaniomba kofia kama unayemwomba fundi wa mtaani. Sililii hilo. Nalilia lingine. Nimemuuliza Fredrick kama chumba kina moto. Akababaika. Nikambana, akasema Jesca hataki jiko ndani ya nyumba, amelitoa, na mtu akiingia na kaa la moto hata kwenye chetezo cha ubani anamrudisha mlangoni.

Mtoto wa kilo mbili kasoro, Makete, mwezi wa Julai, bila moto. Mama yangu angenichapa. Mie sikuchapi, uko mbali, ila nakuuliza: unataka kunionyesha kwamba ushauri wangu haufai, au unataka nini? Kama ni hasira ya yale maneno ya msichana wa kwetu, nikasirikie mimi. Usimkasirikie mtoto.

Natuma jiko jipya, la udongo, lenye bati nje, linatunza joto muda mrefu. Natuma na kofia. Nimezifumua zote nikashona upya, ndogo. Liweke jiko chumbani siku hiyohiyo litakapofika. Naomba unitii kwa hili moja, halafu mengine yote ufanye unavyotaka.

Bernadeta


Makete,
12 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Nilitaka nikuandikie kwa namna ambayo haitakuumiza, na nimeona haipo. Naomba uketi ndiyo uendelee kusoma.

Nilikutii. Mfarishi na barua yako vilipofika nilifanya kila ulichosema, kwa mpangilio uleule. Tulipomaliza kuziba nilifurahi, nikaona huu upepo nimeushinda. Siku iliyofuata nilitoka shuleni mchana, kulikuwa na ukungu hata mlima hauonekani. Nikawasha jiko kibandani, mkaa ulipokolea ukawa mwekundu na moshi umekwisha, nikaliingiza chumbani, nikafunga mlango na dirisha. Joto lilikuwa tamu. Nilivua koti, mara ya kwanza tangu nifike Makete. Nikakaa kitandani kusahihisha madaftari.

Kichwa kikaanza kuuma. Nikadhani ni njaa. Nikataka kusimama nikachemshe chai, miguu ikakataa. Sikusikia harufu yoyote, Mama. Hakukuwa na moshi. Ningeona moshi ningetoka.

Mwalimu Audax alikuja kuniletea chaki. Anasema alibisha, nikamjibu kitu kisichoeleweka. Aliusukuma mlango ukagoma kwa sababu ya mfuko wa pumba, akausukuma kwa bega. Nakumbuka sauti yake tu.

"Mwalimu, toka nje."

"Nina usingizi. Niache nilale."

"Utalala nje."

Akanivuta kwa makwapa mpaka uani, akaniweka kwenye nyasi za baridi, akarudi kulitoa jiko. Nilitapika. Nilipoanza kuona vizuri nikasikia tumbo linakaza, na halikuacha. Walinipeleka kituo cha afya na pikapu ya kubebea mbao. Anna alizaliwa asubuhi yake, na alilia, kidogo lakini alilia.

Muuguzi alituuliza tulikuwa tunaota moto wa nini. Nilipomwambia, akasema mkaa ukiwa umewaka vizuri ndiyo unadanganya zaidi. Unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichozibwa vizuri kinaishika yote. Akasema pengine uchungu ulikuja kwa ajili hiyo, pengine ungekuja tu, hakuna wa kuapa.

Ndiyo maana nilimwomba Fredrick asikwambie. Sikutaka ubebe hilo. Ulikuwa umeniandikia kwa kunipenda, nililijua hilo hata kwenye yale maneno ya msichana wa kwenu. Lakini jiko ulilotuma limefika, na kama nisipokwambia utatuma lingine, au utalituma kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nakwambia. Jiko halitaingia chumbani kwa mtoto wangu, Mama. Hata uje mwenyewe ulibebe. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Usidhani nimemwacha na baridi. Muuguzi alimvua nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi, akamlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja na kanga. Akasema, "Jiko lake ni wewe." Hivyo ndivyo tunavyokaa mchana na usiku, kichwa chake kimegeuka upande, pua iko wazi. Fredrick akirudi safari ananipokea, anambeba kwenye kifua chake na mikono yake ile ya mbao, anaogopa hata kukohoa. Mfarishi wako unatufunika juu, hauzidi mabega yangu. Joto la watu wawili haliendi popote.

Nyumba nayo nimeendelea nayo. Nimeshona viroba vya mbolea vilivyofuliwa, Fredrick akavipigilia chini ya kenchi za paa kama dari, kwa sababu joto lilikuwa linapanda na kuishia kwenye bati. Mlango wa chumba una pazia la blanketi kuukuu. Maboksi ya vitabu nimeyatandaza sakafuni na mkeka juu yake. Matundu mawili madogo nimeyaacha wazi kwa makusudi, moja juu, moja chini, hewa ipite. Jua likitoka nafungua dirisha linaloliangalia, likizama nafunga.

Jiko lako liko kibandani, nje. Linachemsha maji na kupasha matofali. Matofali nayafunga kwenye magunia, nayaweka kitandani kabla hatujalala, tukipanda nayatoa. Ni jiko zuri. Kwa kazi hiyo sijaona lililolizidi.

Anna ameongezeka. Si sana, lakini kila akipimwa anaongezeka.

Mwanao,
Jesca


Chamazi,
24 Julai 2024

Mama Anna,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Siku zile sikushona. Wateja walipokuja niliwaambia naumwa, na haukuwa uongo.

Nimekuwa nawaza nyumba ya mama yangu. Ilikuwa ya nyasi. Moto uliwaka katikati na moshi ulipanda ukatokea kwenye nyasi, hata ukiiangalia nyumba kwa mbali ungedhani inaungua. Macho yalituwasha, tulikohoa, lakini tuliamka. Hapakuwa na bati. Hapakuwa na aliyeziba kitu. Mie nimechukua moto wa nyumba ya nyasi nikakufungia nao kwenye nyumba ya bati, tena nikakufundisha kuziba. Pole, mwanangu. Nimetafuta neno kubwa kuliko hilo nimelikosa.

Sasa sikiliza kilichotokea huku. Jumapili baada ya misa nilikuwa sitaki kuona mtu, lakini Hija alikuwa hajaja siku mbili, nikaenda Chanika kumtazama. Unajua amefuga vifaranga. Banda hana, wako kwenye boksi kubwa chumbani kwake, na asubuhi za Julai hata Chanika zina kibaridi. Nimefika namkuta amejilaza, kitambaa kichwani. Pembeni ya boksi kuna jiko la mkaa, limefunikwa majivu ili lidumu. Dirisha limezibwa na gunia.

 Nikamuuliza, "Hija, kichwa kinakuumaga asubuhi?"

"Kila siku. Nafikiri malaria. Nimepima, wanasema sina."

"Na mchana ukitoka nje?"

"Kinapoa. Kwa nini unauliza kama daktari?"

 Nilibeba jiko lile na kanga yangu nikalitoa mpaka barabarani. Akanifuata anafoka, vifaranga wake watakufa, mie nimeingiwa na nini. Nikamwambia, "Mkwe wangu alilala karibu na jiko kama hili akataka kufa na mjukuu wangu tumboni, na mimi ndiye niliyemwambia aliwashe." Sikuwa nimemwambia mtu hayo.  Tukakaa kwenye kizingiti sote wawili.

Baadaye tulifikiria vifaranga. Tukachukua madumu ya mafuta, tukajaza maji ya moto, tukayazungushia magunia, tukayaweka katikati ya boksi. Boksi lenyewe tukalifunga kwa nje na ile sufi mbaya iliyobaki. Ndani ya muda mfupi vifaranga walikuwa wameyakumbatia madumu kama watoto na mama yao. Juzi nimerudi. Wote wapo, na Hija hana kitambaa kichwani. Ananiambia hajaamka mwepesi hivi tangu mvua ziishe.

Kwa hiyo Jesca, ulipoandika kwamba jiko halitaingia kwa mtoto wako hata nije mwenyewe, hukuniokolea mjukuu peke yake. Hija anazunguka mtaa mzima wa wafugaji Chanika, anaingia vyumbani mwa watu bila hodi.

Nataka kuja. Sitaki kuja kama mtu wa kukusimamia. Ukikubali, niandikie, nitapanda basi.

Mama yako,
Bernadeta


Makete,
4 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Njoo. Ningekuandikia neno hilo tu, lakini kondakta anasubiri chai yake na nina habari.

Wiki iliyopita ilikuja baridi ambayo hata wazee wa hapa wameishangaa. Bomba la shule liliganda, wanafunzi walipiga barafu kwa mawe ili wanawe. Nilimshika Anna miguu kila wakati, nikisubiri ipoe. Haikupoa. Muuguzi alikuja mwenyewe kutuangalia, akaingiza mkono chini ya mfarishi, akautoa, akauliza, "Moto mmeuficha wapi?" Nikamwonyesha kibanda nje. Akakaa kitandani kwangu akacheka.

Sasa siku ya kliniki ananiita nisimame mbele ya akina mama na Anna kifuani, nieleze viroba, pazia, matofali na matundu mawili. Mwanzo walinitazama, huyu wa Dar anatufundisha baridi. Mmoja aliuliza kama tusipoota mkaa ndani tufanye nini, tufe? Nikawaambia kilichonipata, chote, bila kutaja aliyenishauri.  Kisha mama mmoja akasema kaka yake na mkewe walikutwa hivyo, na watu wakadhani wamerogwa. Tangu siku hiyo Fredrick akirudi safari anakuta watu wanamsubiri awapigilie dari za viroba. Mwalimu Audax amefungua zamu ya kukoroga udongo.

Anna amepita kilo tatu. Ana mashavu.

Uje na sufi, Mama, nyingi uwezavyo. Hapa wanaulizia mfarishi nami siwezi kuwafundisha vizuri kama wewe.

Mwanao,
Jesca


Makete,
20 Agosti 2024

Hija ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye mawingu. Nimefika salama, na magunia yako ya sufi yamefika, ingawa kondakta alinung'unika kwamba nimejaza buti kwa kitu kisicho na uzito.

Nilishuka nimevaa masweta mawili, koti la marehemu mume wangu na mtandio shingoni, tayari kwa vita. Fredrick alinipokea. Upepo ulikuwa unanikata masikio. Nikasema moyoni, Mungu wangu, nilimwacha binti wa watu katika hili. Jesca akafungua mlango, akapiga goti, "Shikamoo Mama," nikamwinua kabla hajafika chini. Nikaingia ndani, pazia likaanguka nyuma yangu. Nikasimama. Nikavua koti. Nikavua sweta moja. Baada ya muda nikavua na la pili, nikabaki na gauni kama niko Chamazi.

Nilitafuta moto kwa macho, mazoea tu. Hakuna. Nimekwenda ukutani nikaweka kiganja kwenye lile tundu la chini, hewa safi inaingia kidogokidogo. Juu, viroba vimenyooka kama dari ya ofisi. Nilizunguka chumba chote nikigusagusa. Jesca alisimama ananitazama, najua alikuwa anasubiri niseme kitu. Nikamwambia, "Mama yangu angehamia hapa." Akageuka akajifanya anapanga vikombe, na mie nikajifanya sijaona macho yake.

Kesho yake tulimwogesha mtoto saa ya jua, dirisha likiwa wazi upande wa jua. Nje nyasi za kivulini bado nyeupe. Anna yuko kwenye beseni, anapiga maji kwa miguu, anatulowanisha wote. Kule kliniki wanawake wamenipa jina, Bibi Sufi. Kila siku jioni mapema wanakuja na shuka zao, nawaonyesha namna ya kugawa sufi vyumba vyumba isije ikakimbilia upande mmoja. Nimemwambia mmoja wao kwamba ushauri wa jiko ulikuwa wangu. Jesca aliposikia alisema, "Mama, haikuwa lazima." Nikamwambia ilikuwa lazima, kwa sababu kuna bibi mwingine kijiji cha pili anayesema nilivyosema mimi, na ataniamini mimi kabla ya muuguzi.

Yule niliyekuwa namwita mtoto wa feni, Hija, ameishinda baridi ya Makete. Kama kuna mtu Chamazi atauliza mkwe wangu ni wa wapi, mwambie ni wa kwetu.

Muuguzi amesema Anna amekua, hahitaji tena kubebwa kifuani. Tumemsikia wote, tukaitikia kwa adabu, tukarudi nyumbani. Fredrick kambeba asubuhi, Jesca mchana. Sasa ameamka anajinyonganyonga, na zamu iliyobaki ni yangu. Naiweka kalamu chini.

Rafiki yako,
Bernadeta, Bibi yake Anna